Fundo la Mjomba

Wasafisha madirisha wa nje, wale wanaoshuka kwa kamba kutoka paani, walikuwa na kanuni moja iliyozipita nyingine zote. Hakuna anayeshuka mpaka mwenzake ashike fundo la kamba yake kwa mkono mtupu, alivute mara tatu, kisha aseme, "Shuka." Si "haya," si "twende," wala si kutikisa kichwa. Ni neno hilo tu. Na kama fundo lina kasoro, anayekagua haruhusiwi kuligusa tena. Anakaa kimya, na aliyelifunga analifungua na kulifunga upya mwenyewe, hata akichukua nusu saa, hata msimamizi akiwa chini anapiga kelele mpaka sauti inamkauka.

Maratatu aliishika kanuni hii miaka kumi na moja, na jina lake hilo la utani alilipata kwayo. Kisha akaivunja kwa wiki tano. Hakuivunja kwa uvivu, wala kwa haraka ya kuwahi nyumbani. Aliivunja kwa upendo, na ndiyo sababu habari yake inafaa kusimuliwa. Za wavivu tumeshazisikia za kutosha.

Hakuanzia nje. Alianzia ndani, akiwa msafishaji wa ghorofa ya sita na ya saba katika jengo la ofisi la ghorofa kumi na mbili. Alipiga deki, alimwaga vikapu vya taka, alifuta meza, na alisugua madirisha upande wa ndani. Tabu yake ilikuwa moja. Kila dirisha, hata alifute vipi, lilibaki na mstari wa uchafu kwenye pembe ya chini kushoto, urefu wa kidole. Ulikuwa uchafu wa nje. Wanaume wa kamba walikuwa wakivuta maji kwa kipanguzi cha mpira kutoka kulia kwenda kushoto, na walipokaribia mwisho walikiinua mapema, maana macho yao yalikuwa yameshahamia dirisha linalofuata. Karani mmoja wa ghorofa ya sita, mwanamke wa miwani aliyependa kila kitu kiwe sawasawa, alimlaumu yeye kwa mstari ule. Maratatu alivumilia miezi miwili. Siku moja akamgongea kioo mwanaume aliyekuwa ananing'inia nje, akamwonyesha pembe ile kwa kidole. Mwanaume yule naye akamwonyesha kwa kidole chake: toka basi, uje ufute mwenyewe.

Maratatu aliuegemeza ufagio ukutani, akapanda ngazi mpaka paani.

Aliwakuta wanaume sita wamekalia ndoo zilizofunikwa, wanakula. Mmoja alimwuliza kama amepotea njia ya jikoni. Mwingine, aliyeitwa Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia, alianza papo hapo kutunga habari ya mwanamke aliyepanda juu kutafuta mume akakuta wote wameoa. Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Asiyecheka alikuwa Mjomba, kiongozi wao, mtu mfupi mwenye viganja vipana kama sahani. Aliitwa Mjomba na kila mtu, wakiwemo watu waliomzidi umri. Alimwuliza anataka nini. Akajibu kwamba ameambiwa aje afute. Mjomba akauliza ameambiwa na nani, naye akamwonyesha mwanaume wa kidole, ambaye wakati huo alikuwa ameinamia chakula chake kama mtu anayetafuta sindano.

Mjomba akamtazama miguuni. Alikuwa amevaa ndara.

"Kesho njoo na viatu vya kufunga," akasema, akaendelea kula.

Viatu vya kufunga havikuwa shida, maana mumewe alikuwa fundi viatu. Shida ilikuwa mume mwenyewe. Alikuwa mtu mwema, mchapakazi, lakini alikuwa mwoga wa mahali pa juu kiasi kwamba hakuweza kusimama juu ya kigoda kubadilisha taa. Taa za nyumba ile alizibadilisha mke, mume akiwa ameshika kigoda kwa mikono miwili na kufumba macho. Alipoambiwa habari ya kamba aliomba asielezwe zaidi, kisha akashona viatu vyenye soli mbili. Dada yake hakuwa na adabu ya kukaa kimya. Alikuja nyumbani siku hiyo hiyo kusema kwamba watu wanamcheka, kwamba mke wa kaka yake ananing'inia nje kama nguo za kuanika.

"Wifi yako anafua jengo zima," mume akamjibu. "Wewe foronya moja inakaa kwenye beseni siku tatu."

Dada mtu, wifi yake Maratatu, aliondoka bila kunywa chai. Alirudi baada ya wiki, kama kawaida yake.

Mjomba hakumpandisha kwenye kamba mapema. Kwa miezi mitatu alimkalisha paani akifunga na kufungua mafundo. Alimfunga macho kwa kitambaa akamtaka afunge kwa kupapasa, kwa sababu siku utakayopigwa na upepo wenye sabuni hutaona kitu. Alimfundisha kwamba kamba ni mbili: ya kazi, inayobeba uzito wa mtu, na ya akiba, inayosubiri bila kufanya lolote mpaka siku ambayo ya kwanza itashindwa. Alimfundisha kwamba mkia wa fundo, ile ncha ya kamba inayobaki, unarudi njia nzima uliyotoka na unabaki urefu wa shubiri, si pungufu. Na alimfundisha neno. Alimwambia kwamba anayelisema ameubeba uhai wa mwenzake kwa ulimi, kwa hiyo asiliseme huku anatafuna.

Mikanda ya kushukia ilikuwa imekatwa kwa miili ya wanaume. Ilimkaba mahali pasipostahili na kumwacha na alama nyekundu nyongani. Mume alipoziona alitaka kuushonea mkanda ngozi laini kwa ndani, lakini Mjomba alikataa katakata: mkanda hautobolewi, hata kwa sindano. Basi mume akashona mito miwili midogo ya ngozi ya kufungwa kwa kamba za viatu upande wa ndani wa mkanda bila kuutoboa. Hakuwahi kumwona mkewe akiwa kazini, maana hata kupita mtaa ule aliona kizunguzungu. Lakini mito ile aliishona upya kila mwaka.

Chumba cha kubadilishia nguo hakikuwepo. Kulikuwa na stoo ya ndoo, na wanaume walizoea kuingia na kutoka humo kama sokoni. Mjomba alichukua kipande cha kamba kuukuu akakipigilia misumari upande mmoja wa mlango, na upande wa pili akaweka ndoano. Kamba ikiwa imetiwa kwenye ndoano, hakuna aingiaye. Redio aliingia mara moja, akidai hakuiona. Alitoka na ndoo ya maji ya sabuni kichwani, na tangu siku hiyo macho yake yalipata nguvu.

Siku ya kwanza aliyoshuka, Maratatu alipofika ghorofa ya sita alivuta maji mpaka mwisho kabisa wa kioo, kisha akatoa kitambaa kikavu akafuta pembe ya chini kushoto. Upande wa ndani karani alikuwa anaandika. Hakuinua kichwa. Kioo kilikuwa safi kiasi kwamba hakuwa na sababu ya kuinua kichwa, na Maratatu alishuka ghorofa zilizobaki akiwa na furaha ambayo hakuweza kumweleza mtu.

Lakini jina lake lilitokana na ile kanuni ya fundo. Wale wanaume walikuwa wameigeuza kanuni kuwa salamu. Mtu aliligonga fundo la mwenzake kwa kiganja kama anayempapasa punda, akasema "Shuka" huku akiendelea na habari za jana. Maratatu hakujua kufanya hivyo. Aliweka mguu mmoja kwenye ukuta mfupi wa paa, akashika fundo, akavuta kwa uzito wake wote, mara moja, mara mbili, mara tatu, kila fundo, kila mtu, kila siku. Walilalamika kwamba anachelewesha kazi. Redio alimwigiza, akivuta mpini wa ndoo huku amekunja uso. Wakamwita Maratatu kwa dhihaka. Baada ya miaka miwili, dhihaka ikawa imechakaa, na jina likabaki. Mwanaume aliyekuwa na harusi wiki inayofuata, au mtoto mchanga nyumbani, alijikuta anasogea upande wake taratibu, kama kwa bahati, ili fundo lake livutwe na yeye.

Mjomba alimwomba awe mwenzi wake wa kamba. Alimwita "mwanangu" mbele ya wote, na yeye hakuwa mtu wa kugawa maneno. Nyumbani alikuwa na wanawe wa kiume watatu, na kati yao hakuna aliyetaka kusikia habari za kamba. Kwa miaka tisa walishuka pamoja, hatua nne kati yao. Walikunywa chai ya chupa moja, tamu mno, maana Mjomba aliamini sukari inazuia upepo. Alikuwa na vita visivyokwisha na njiwa wa jengo lile. Mmoja wao alimwita Mkaguzi, kwa kuwa alisubiri dirisha likauke kabisa ndipo aje kuacha sahihi yake. Mjomba alimhutubia Mkaguzi kwa heshima zote, akamwita bwana mkubwa na kumwuliza kama ripoti ya leo imekamilika, na Maratatu alicheka mpaka kiti cha ubao alichokalia kambani kikayumba.

Mtu kama huyo anapendwaje? Anapendwa kama baba. Na hapo ndipo mtego ulipokuwa.

Ilianza na kikombe. Mjomba alikiangusha paani, akasema kina mafuta. Wiki hiyo hiyo Maratatu aliposhika fundo lake, likalegea kwenye mvuto wa pili. Alitazama. Kwa mbali lilikuwa fundo zuri, lakini mkia haukuwa umerudi njia yote. Ulikatiza mwishoni, kama mtu aliyepita uchochoro badala ya kufuata barabara. Aliangalia vidole vya Mjomba. Vilikuwa vimevimba kwenye maungio, na viwili havikukunjika. Miaka thelathini ya maji baridi na sabuni ilikuwa imedai chake.

Alijua la kufanya. Anyamaze. Mjomba angegeuka, angeona, angefungua, angefunga upya. Au angeshindwa kufunga, na wote wangeona. Mjomba wakati huo alikuwa amewapa mgongo, anamsuta Mkaguzi. Maratatu aliupitisha mkia mahali pake kwa vidole vyake mwenyewe, akalivuta fundo mara tatu, likashika.

"Shuka," akasema.

Akajiambia ni leo tu, vidole vimelala vibaya. Kesho yake fundo lilikuwa sawa, naye akafurahi kama aliyepona homa. Keshokutwa halikuwa sawa. Akalirekebisha. Wiki ya nne alikuwa analirekebisha kila asubuhi, na mkono wake ulikuwa umezoea kazi ile mpaka ukaifanya kabla ya moyo wake kuulizwa. Hakumwambia mtu. Aliona anamwepusha Mjomba na aibu, na kwamba mzee akistaafu kwa heshima zake mwakani hakuna atakayejua. Wengi wetu tumefanya wema wa namna hii, na tukautaja kama sifa. Si wema. Mtu uliyemficha hatari yake umemwacha peke yake nayo, tena umemwondolea nafasi ya kuamua.

Wiki ya tano aliletwa msichana aliyeitwa Mrefu. Alikuwa msafishaji wa ghorofa ya chini, na kwa mwaka mzima alikuwa anamtazama Maratatu akishuka kwenye kioo chake. Msimamizi alikubali ajaribiwe, na akamwagiza Maratatu amfundishe upande wa pili wa paa. Mjomba akapewa Redio kuwa mwenzi wake kwa siku hiyo.

Maratatu alikuwa amemfunga Mrefu kitambaa cha macho aliposikia sauti kutoka upande ule: kamba kukaza ghafla, na kitu kizito kugonga kioo. Alikimbia. Fundo la kamba ya kazi lilikuwa limefunguka Mjomba akiwa ghorofa ya tisa. Alianguka kama urefu wa mtu mmoja, kisha kamba ya akiba ikamdaka. Aligonga bega dirishani, na ndani ya ofisi mtu akamwaga chai juu ya makaratasi. Walimvuta juu. Alikuwa anacheka, ila midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Akasema ni kamba, inateleza. Redio akaapa ni kamba, maana yeye mwenyewe alikagua. Msimamizi akaamuru kamba zote mbili zikatwe vipande zitupwe. Zilikuwa kamba mpya, hazina mwezi. Maratatu alisimama akizitazama zikikatwa, kamba mbili zisizo na kosa lolote, zikibeba lawama ya watu watatu.

Alipitia kibandani kwa mumewe alasiri ile, akaketi kwenye kigoda cha wateja, akamweleza yote. Mume aliendelea kupiga misumari kwenye kisigino cha kiatu cha mtu. Hakutaka kuifikiria ghorofa ya tisa, kwa hiyo alifikiria viatu.

"Kiatu kikiletwa kimepasuka, nikakipaka rangi tu," akasema, "mwenyewe atanisifu mpaka mvua inyeshe."

Baadaye kidogo akaongeza, bila kuinua macho, kwamba kama ni yeye angeomba aambiwe.

Asubuhi iliyofuata Mjomba alikataa kupumzika. Alisema bega ni lake na analijua. Alifunga fundo la kamba ya kazi, akafunga la akiba, akavaa mkanda, akakaa juu ya ukuta mfupi miguu ikiwa bado upande wa ndani. Wanaume wote walikuwapo, na Mrefu pia. Akamgeukia Maratatu.

"Haya, mwanangu. Tuanze."

Maratatu alishika fundo la kazi. Mvuto wa kwanza lilishika. Wa pili likalegea. Wa tatu, mkia ukarudi nyuma kidole kizima. Akaliachia, akasogea hatua moja, akaificha mikono mgongoni ili isije ikaanza kurekebisha yenyewe kwa mazoea.

Hakusema kitu.

Mjomba alingoja. Upepo ulipita. Redio, aliyekuwa katikati ya kisa kirefu, alinyamaza kabla ya kukimaliza, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulishuhudia.

"Sema," Mjomba akamwambia.

"Sisemi, Mjomba."

Akamwuliza kwa sauti ya chini kama kuna kosa amemkosea. Akajibu hapana. Akamwuliza neno lile alifundishwa na nani.

"Na wewe."

"Basi sema."

"Ndiyo maana sisemi."

Mjomba alilifungua fundo akalifunga upya. Ilichukua muda. Kila mtu aliviona vidole vile sasa, maana hapakuwa na mahali pengine pa kutazama. Maratatu akavuta, likalegea, akanyamaza. Mjomba akafunga tena. Maratatu akavuta tena, akanyamaza tena. Redio hakustahimili. Alijitokeza mbele akisema mnamsumbua mzee bure, akalishika fundo huku anacheka, akavuta. Cheko likakatika. Alikitazama kiganja chake, akatazama ukingo ambapo jana alisimama, akaenda kukaa juu ya ndoo.

"Jana sikuvuta," akasema.

Mjomba akasema jana ilikuwa kamba, na leo amelala vibaya, vidole vimekufa ganzi, kesho vitaamka. Wanaume wote wakaanza kutikisa vichwa kukubali, kwa sababu wote walitaka iwe hivyo. Angeweza kuishia hapo. Siku moja ya ganzi, mzee apumzike, yaishe. Maratatu aliona mlango huo umefunguliwa, na alitamani sana kuupita.

"Si jana wala leo," akasema. "Ni wiki tano. Nimekuwa nalirekebisha mimi, halafu nasema neno."

Mjomba hakuelewa mara moja. Alipoelewa, uso wake ulibadilika taratibu, kama maji yanavyoshuka kwenye kioo.

"Kila siku?"

"Mwanzo mara moja moja. Siku hizi, kila siku."

"Na mimi nikawa nashuka," Mjomba akasema, "nikidhani nimeshuka kwa fundo langu."

"Nisamehe, Mjomba."

Alishuka kutoka ukutani upande wa ndani, akaanza kufungua mkanda. Hakuna aliyethubutu kumsaidia. Vifungo vilimchukua muda.

"Ungeniambia siku ile ya kwanza," akamwambia, bila ukali, "ningekasirika siku moja."

Aliukunja mkanda kama alivyoukunja kwa miaka thelathini, akauweka juu ya ukuta, akaenda kwenye ngazi. Hakuchukua lifti. Walizisikia hatua zake ghorofa tatu za kwanza, kisha hazikusikika tena.

Maratatu alimfuata msimamizi ofisini kwake akamweleza yote, pamoja na kamba zilizokatwa bila hatia. Msimamizi alikuwa mtu wa amani. Alisema kwa kuwa hakuna aliyeumia, mambo yabaki paani. Maratatu akakataa. Akasema kama kanuni haina adhabu kwake, haitakuwa na maana kwa Mrefu. Basi akarudishwa ndani kwa mwezi mmoja, ghorofa ya sita na ya saba, na Redio akapewa mwezi wa kuosha ndoo za wote. Mrefu alisubiri mwezi huo bila mwalimu, akifunga mafundo kwenye mguu wa meza. Wifi alikuja nyumbani kusema kwamba yeye alijua tangu mwanzo. Mume akamkaribisha chai, na mara hii akainywa.

Kutoka ndani, kwenye dirisha la karani, Maratatu aliwaona wanaume wakishuka. Pembe za chini kushoto zilikuwa safi. Aliporudi paani aliwakuta wanavuta mara tatu, wote, mguu ukutani, bila kukumbushwa. Aliyeshupaa kuliko wote alikuwa Redio, ambaye hakusema "Shuka" kabla hajatoa hotuba fupi kuhusu umuhimu wake.

Mjomba alikaa nyumbani wiki moja, kisha akaja kuomba kazi ya stoo. Vidole havikuweza tena kufunga, lakini viganja viliweza kuhisi. Kila alasiri alikaa mlangoni, akapitisha kamba zote viganjani mwake, shubiri kwa shubiri, macho yamefumbwa, akitafuta uzi uliokatika. Iliyo salama aliitia alama moja ya chaki. Kamba za Maratatu zilikuwa na alama mbili siku zote. Hakumwambia kwa nini, naye hakuuliza, lakini asubuhi alipozichukua alipitisha kidole juu ya chaki kabla ya kupanda.

Walisalimiana kila siku. "Hujambo, mama." "Sijambo, Mjomba. Shikamoo." "Marahaba." Alimwuliza habari za nyumbani, akatuma salamu kwa fundi viatu, akamkumbusha mito ya mkanda imechakaa. Alikuwa mpole kama zamani, na ndivyo inavyomstahili mtu aliyekwisha kusamehe.

Mrefu alifuzu mwaka ule. Mafundo yake ya mwisho alifunzwa na Mjomba mwenyewe, mlangoni mwa stoo, akiwa amefungwa kitambaa cha macho. Maratatu alikuwa anapita na ndoo mbili aliposikia fundo likivutwa mara tatu, na sauti ya mzee ikisema, "Hapo sawa, mwanangu." Alisimama. Kisha akaendelea na ndoo zake, maana madirisha ya upande wa mashariki yalikuwa yanasubiri.

Mjomba alikaa stoo miaka sita. Wiki tano zile zilimgharimu Maratatu mwezi mmoja wa kamba, na kuitwa mwanangu. Mwezi uliisha. Jina lile hakuitwa tena.